Saa ya mawe

Soko la Memorial likichangamka huoni ardhi, unaona nguo tu. Nilikuwa nimeinamia rundo la mashuka, nabishana bei na dada mmoja asiyetaka kushuka hata mia mbili, nikasikia mtu anagonga kitu nyuma yangu. Ko, ko, ko. Kugeuka, kumbe ni kijana wa dada yangu, ameshika helmeti.

Haikuwa ya bodaboda. Ilikuwa nyepesi, ya buluu iliyopauka, ya aina wanayovaa wapanda miamba, imekuja kwenye belo la mitumba pamoja na viatu vya nchi za theluji. Aliigeuza juu chini, akapitisha ukucha kwenye ganda lote taratibu akitafuta ufa, akabonyeza sponji ya ndani kwa kidole gumba, akavuta mkanda wa kidevuni mara mbili, kisha akanusa. Muuzaji alikuwa ameshachoka naye.

“Umenunua pikipiki?” nikamuuliza.

“Shikamoo, mamdogo. Hii ya mlimani. Tunaingia na wageni wa Western Breach.” Ndiyo ule ukuta wa magharibi wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro; yeye ni mpagazi huko.

“Kwani ofisi haiwapi?”

“Zipo. Ila ukikuta iliyobaki ni ya kichwa cha mtoto utafanyaje?”

Akacheka, akalipa, akaichomeka helmeti kwenye begi. Wakati anaaga akaongeza, kama mtu anayesema habari za mvua: “Zamani mkuu wetu alikuwa anatuambia tukishavuka pale kabla jua halijapiga, basi, tumemaliza. Siku hizi hasemi. Anasema tu tusisimame.”

Akaondoka kuelekea stendi. Mimi nikalipa bei aliyoitaka yule dada.

Hasemi.

Hilo neno limekaa na mimi wiki nyingi. Mtu aliyezeeka kwenye mlima, aliyekuwa na jibu, sasa hana. Nimejaribu kuliandika mara kadhaa, kila nikidhani nimelipata linanigeukia.

## Karatasi ya mgeni

Niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye kampuni ya utalii hapa Moshi, dawati la ratiba na barua pepe. Mgeni akichagua kupita Western Breach alikuwa anatumiwa karatasi ya ziada. Ilimweleza kwamba pale pana hatari ya mawe kuporomoka, kwamba ataondoka kambini usiku, kwamba atavaa helmeti muda wote, na kwamba ameelewa. Anasaini, anaturudishia. Wengine waliuliza maswali mazuri kuliko tulivyoweza kuyajibu. Mawe ya ukubwa gani? Yanashuka zaidi mwezi gani? Nani anaamua kwamba leo hatupiti? Wengine wakishasoma walihama kimyakimya, wakachukua njia ya Barafu.

Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, hawakuwa na karatasi hiyo. Orodha yao ilikuwa na jina, namba ya simu na uzito wa mzigo.

Ukikaa ukahesabu, unaona jambo la ajabu kidogo. Mgeni anapita ukuta ule mara moja maishani, kwa saa chache. Mgumu anaupita msimu hadi msimu, na kilo 20 za kampuni kichwani au mgongoni, achilia mbali begi lake mwenyewe. Nyuma ya mgeni mmoja kuna watu watatu, wanne, wakati mwingine zaidi: hema, gesi, vyakula, viti vya kukunja. Kama mlima unarusha mawe bila kuchagua, basi hesabu ya nani atapigwa haianzii kwa aliyesaini.

Nawaambia haya wasomaji wa Moshi si kwa sababu hamyajui. Mnayajua kuliko mimi. Ila katika habari zote za theluji ya Kilimanjaro inayoisha, hata siku moja sijaona mtu ameandika kuhusu aliyesimama chini yake akiwa amebeba viti.

## Januari

Wenye umri wangu wanaikumbuka Januari 2006. Tarehe 4, asubuhi, mawe yaliporomoka juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakaukuta msafara njiani. Wamarekani watatu walifariki, na kati ya waliojeruhiwa walikuwamo wapagazi. Mji mzima ulikuwa unaongea hilo. Njia ikafungwa, ikachunguzwa, ikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Septemba 2015 jiwe likaua Mmarekani mwingine kwenye ukuta huohuo.

Maelezo yaliyobaki midomoni mwa watu ni mepesi kuyabeba: mawe yalikuwa yameshikwa na barafu, barafu ikayeyuka, mawe yakaachia.

Niliyataka yawe hivyohivyo. Ni maelezo yenye mwanzo na mkosaji, na ushahidi wake unauona ukiamka mapema, kabla mawingu hayajapanda: Kibo yenye vipara. Takwimu nazo zinasaidia. Mwaka 1912 barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ilipopima tena, ilikuta kufikia 2007 asilimia 85 ya eneo lile imekwenda. Kambi ya Arrow Glacier yenyewe imebeba jina la barafu iliyosinyaa kiasi kwamba mgeni mpya lazima aonyeshwe ilipo.

Kwa hiyo nikakaa niandike: dunia imepata joto, barafu imeyeyuka, mawe yanatuua. Makala fupi, ingesambaa vizuri.

Nikaanza kusoma zaidi, ikaharibika.

## Kibo haiingii kwenye hadithi

Hewa ya kileleni, kwa wastani wa mwaka, ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Huko barafu haiyeyuki kama ya kwenye glasi. Sehemu kubwa inapigwa na jua na kugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji. Watafiti kama Georg Kaser, Thomas Mölg na Douglas Hardy, waliotumia miaka mingi na vipimo vyao kule juu, wanasema barafu ya Kibo ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, pale hewa ya Afrika Mashariki ilipokauka: theluji ikapungua, mawingu yakapungua, jua likapata nafasi. Wakati huo magari yote ya dunia yangeenea kwenye uwanja wa mpira.

Ubishi wao na wenzao wanaolitazama zaidi joto la miaka ya karibuni haujaisha. Mimi si wa kuwaamulia. Lakini ulinitosha kuelewa kwamba ile sentensi yangu tamu ya “dunia imepata joto, barafu imeyeyuka” hapa kwetu haisimami yenyewe bila kushikiliwa.

Halafu kuna Mawenzi, kilele jirani cha Kibo.

Wazee wa Kichaga wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa anakwenda kwa Kibo kuomba moto kila mara, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi. Ndiyo maana Mawenzi ana meno meno. Wanajiolojia wana toleo lao: ni volkano iliyozimika mapema kuliko Kibo, imeliwa na mvua, baridi na uzito wake wenyewe kwa muda usiohesabika kwa vizazi vya watu. Kwa vyovyote, mlima ule umekuwa ukimwaga mawe tangu kabla ya kiwanda cha kwanza duniani. Kila mlima unabomoka. Ndiyo kazi ya mlima.

Sasa jiwe lililoshuka wiki iliyopita ni la nani? La tabianchi, au la uzee?

Kwa jiwe moja, hakuna anayeweza kukujibu. Nilikaa na hilo muda, na nusura niiache makala yote. Kilichonirudisha ni kitu kidogo sana kuliko mlima.

## Ndani ya ufa

Chukua ufa mmoja kwenye mwamba mweusi wa lava, mita 5,000 hivi juu ya bahari, upana wa kuingiza kisu cha mezani. Mchana jua la Ikweta linaupiga mwamba. Hewa bado ina baridi ya kukata masikio, ila mwamba mweusi unalinywa jua na ngozi yake inapanda juu ya sifuri. Theluji kidogo iliyokuwa pembeni inadondoka tone kwa tone, inaingia ufani. Usiku inaganda. Maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, na hayana pa kwenda. Ni kabari ile ya kupasulia magogo, ila hii inagongwa kutoka ndani. Kesho yake inalegea kidogo, maji yanashuka chini zaidi, usiku inagongwa tena.

Nchi za baridi, mwamba mmoja unapata kipigo hiki cha kila siku kwa misimu fulani ya mwaka. Kwenye Kibo, nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta, kunakuwa na kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku, Januari hadi Desemba.

Lakini barafu hiyohiyo iliyopasua ndiyo inayoshika. Ikishaganda vizuri ufani, jiwe lililoachana na mlima linabaki mahali pake, hata miaka. Kwa hiyo kuna mawe mengi kule juu ambayo yameshakatika. Yanasubiri tu. Na jambo nililolisoma mara mbili kuhakikisha ni hili: barafu ya ufani haingoji kuyeyuka ndipo iachie. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba ikisogea tu kwenye nyuzi moja au moja na nusu chini ya sifuri, nguvu yake ya kushika inashuka sana. Huoni maji. Husikii kitu. Mshikio umelegea.

Hapo ndipo swali langu la “joto au ukame?” lilipopoteza makali, angalau kwa mtu aliyesimama chini ya ukuta. Barafu ilipokuwa imetanda, iliufunika mwamba na kulirudisha jua angani. Ikiondoka, kwa kuyeyuka au kwa kukauka, mwamba mweusi unabaki wazi, unapata moto zaidi, na ile kabari ya kila siku inaanza kazi mahali ambapo haikuwahi kufika. Kifusi kilichokuwa kimeegemea barafu nacho kinabaki kwenye mteremko, hakina mhimili. Jiwe haliulizi barafu imekwendaje.

Kwa wanasayansi tofauti ile ni kubwa, na ina haki ya kubishaniwa. Kwa kijana wa dada yangu, usiku wa kupanda, haina uzito wa hata chupa ya maji.

## Kule Alps

Mahali ambapo mnyororo wa joto na mawe uko wazi zaidi ni milima ya Ulaya. Kule juu mwamba wenyewe umeganda mwaka mzima, ndani kabisa, makumi ya mita na zaidi. Kiangazi cha 2003, kile kilichochoma Ulaya, mlima Matterhorn ulimwaga mawe Julai, wapandaji wakaondolewa kwa helikopta na njia ya kawaida ikafungwa. Juni 2005, huko Ufaransa, nguzo nzima ya mlima wa Drus ilidondoka, karibu mita za ujazo 300,000. Agosti 2017, Piz Cengalo nchini Uswisi iliachia mita za ujazo milioni 3 na kuwafunika watembeaji wanane. Juni 2023 kilele cha Fluchthorn, mpakani mwa Austria na Uswisi, kilivunjika, mlima ukapungua urefu.

Kitu kimoja cha huko kinatisha kwa utulivu wake: joto linatembea polepole ndani ya mwamba. Mawe madogo yanashuka mchana wa jua kali. Makubwa yanaweza kusubiri hadi miezi ya mbele, wakati watu wameshavaa makoti, kwa sababu joto la kiangazi ndiyo kwanza linafika mita kumi ndani. Na lile la miaka kumi iliyopita bado liko njiani kwenda chini zaidi.

Ninalolirudia zaidi ni la Blatten. Hiki ni kijiji cha Uswisi, watu kama 300. Mei 2025 mlima ulio juu yake, Kleines Nesthorn, ulianza kuporomosha mawe juu ya barafu ya Birch, mzigo ukazidi, barafu ikaanza kusogea kwa kasi. Walikuwa na vipimo, wakaona. Tarehe 19 Mei waliwahamisha watu wote, na ng’ombe pia. Tarehe 28 barafu na mwamba vikashuka pamoja, vikafunika sehemu kubwa ya kijiji. Mtu mmoja alipotea, baadaye akapatikana amefariki. Mmoja, katika kijiji kizima.

Hata wao wanasayansi wao hawakusema kwa mdomo mmoja kwamba “hii ni tabianchi” na kufunga daftari. Walisema mwamba ulioganda unalegea, barafu inabadilika, na hapa mambo kadhaa yamekutana. Lakini kuhamisha watu hakukusubiri ubishi wa chanzo uishe. Nilipenda hilo.

## Hanang haikuwa na barafu

Mtu atasema hizo ni habari za vilele vya juu, vya watalii. Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, mlima Hanang ulimega kipande chake. Hauna barafu hata punje. Mvua zilikuwa zimezidi, El Niño ikiwa juu na Bahari ya Hindi upande wetu ikiwa na joto, mwamba dhaifu wa volkano ukanywa maji mpaka ukashindwa kujibeba. Tope, miti na mawe makubwa vikaingia Katesh na Gendabi, zaidi ya watu 80 wakafa. Na watu wa Same hawajasahau maporomoko ya Novemba 2009, kule Mamba Miamba, yaliyoua zaidi ya 20.

Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja ya selsiasi, inaweza kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo kabari ya maji ipo hata pasipo barafu, inapitia mlango mwingine. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, tunaolima mpaka kwenye kingo za makorongo, hatuna haki ya kulitazama suala hili kwa darubini ya mgeni.

Hilo linahitaji makala yake. Narudi juu.

## Uzoefu wa mlima ambao haupo

Nilikuja kulielewa lile neno “hasemi” nikiwa nasoma utafiti wa Wafaransa. Walichukua njia 95 za kupanda za eneo la Mont Blanc, kutoka kitabu cha 1973 kilichokuwa kama msahafu kwa wapandaji wao, wakazipitia moja moja na waongozaji wenyeji kuona zimekuwaje. 93 zilikuwa zimebadilika. 26 hazipitiki tena kiangazi kwa kawaida yake. Tatu hazipo kabisa. Mlima umeondoka nazo.

Nikafikiri: kile kitabu hakikuwa na makosa. Kilikuwa sahihi kwa mlima mwingine.

Mkuu wa msafara wa kijana wetu naye ni kitabu cha aina hiyo. Alijifunza ukuta ule kwa miguu, kwa kumfuata aliyemtangulia, enzi barafu ikiwa imefunika sehemu ambazo leo ni kifusi. Alijua pa kupumzika, jabali la kujificha nyuma yake, saa ya kuanza kutembea. Kanuni ya “kabla ya jua” ilitokana na kuona, na bado ni nzuri. Upande ule unatazama magharibi, jua linauchelewa, na mawe madogo mengi yanaamshwa na jua kweli. Asubuhi ya 2006, hata hivyo, ilikuwa bado ni asubuhi.

Sisi tumelelewa kumheshimu aliyetangulia, na mlimani heshima hiyo imeokoa watu wengi. Miaka 20 ya mlima ni miaka 20. Lakini uzoefu una thamani pale kitu ulichokizoea kikiwa bado kipo. Barafu ikihama, yale maarifa yanachuja taratibu, na mwenye nayo ndiye wa kwanza kuhisi. Ndiyo maana nimeanza kumheshimu yule mkuu zaidi kwa kunyamaza kwake. Angeweza kuendelea kusema. Wageni wanapenda mtu anayesema.

Kitu cha kweli ambacho tabianchi imewafanyia watu wa mlimani, kwa maoni yangu, ni hicho. Kuongeza mawe, pengine, na wenye vipimo wataendelea kuhesabu. Ila imewanyang’anya uhakika wa saa na mahali, na uhakika huo ndio uliokuwa vifaa vyao vya kazi. Hawakuwa na vingine.

Chamonix, mji wa Ufaransa ulio chini ya Mont Blanc, walipolazwa na joto la Julai 2022, makampuni ya waongozaji yalisitisha safari za njia ya kawaida ya Mont Blanc kupitia korongo la Goûter, mahali maarufu kwa mawe. Waongozaji wenyewe ndio waliosema hapana, wakapoteza siku za msimu, wakaendelea na njia nyingine. Sisemi kwao hakuna njaa. Nasema neno lao lilikuwa na mahali pa kusimama.

Kijana aliporudi salama, akaja nyumbani kula kiburu, nikamwambia kwa ukali wa mama: “Siku nyingine ukiona hali mbaya, kataa.”

Hakubisha. Alimalizia kilichokuwa mdomoni kwanza.

“Mamdogo, nikikataa mimi, getini wamejaa. Na sikatai mimi. Mimi napewa begi.”

“Mkuu wenu?”

“Mkuu naye ana bosi. Na mgeni kalipia ile njia tangu mwaka jana.”

Nililijua jibu. Nimewahi kuzipokea hizo fedha za mwaka jana, nikaziandikia risiti.

## Ujumbe wa sauti

Lakini siku hiyo alinionyesha kitu. Ana kundi la WhatsApp la wagumu na wapishi wa njia za magharibi. Humo kuna matangazo ya misiba, utani wa Simba na Yanga, mtu anauza betri ya simu. Katikati yake kuna sauti fupi fupi zilizotumwa kutoka kokote mtandao unakoshika. Aliniwekea moja. Upepo unavuma kwenye spika, mtu anahema, halafu: “Oya, mnaokuja kesho, pale juu ya ile miamba ya kupumzikia limeshuka moja kubwa, kama friji, saa mbili asubuhi, wingu limefunga, jua hamna. Msikae pale.” Basi. Nyingine ya mwezi mwingine, mtu mwingine, mahali palepale karibu.

Saa mbili, wingu, jua hamna. Huyo ameshavunja kanuni ya zamani kwa sekunde kumi na tano, na hakuna anayemlipa kwa hilo.

Tatizo ni simu. Zikijaa zinafutwa. Kundi likizidi kelele watu wanajitoa. Kila kambi ya Kilimanjaro ina daftari la kusaini: jina, umri, kazi, uraia. Naona safu moja zaidi isingetoboa mfuko wa mtu yeyote, safu ya kuandika jiwe lililoonekana, mahali na saa, na daftari hilo lifunguliwe kwa wagumu na si kwa wageni peke yao. Mwisho wa mwaka mtu wa vipimo angekuwa na cha kuanzia, na mkuu wa msafara angekuwa na karatasi ya kumwekea bosi mezani badala ya hisia zake. Wakubwa wa hifadhi wakilisoma hili na kuniambia limeshafikiriwa, nitafurahi.

Kwa sasa nimeanza mwenyewe. Kijana ananitumia sauti zinazopita kwenye kundi, nami naziandika kwenye daftari la kawaida la shule: tarehe, saa, kambi ya karibu, ukubwa kwa kulinganisha na kitu kinachojulikana, jua au wingu, usiku uliopita uliganda au la. Bado ni kurasa chache na sitatoa hitimisho lolote humo. Kama wewe ni mgumu, mpishi, msaidizi au mkuu, wa Machame, Umbwe au Lemosho, na una ujumbe wa namna hiyo kabla hujaufuta, nitumie. Jina la kampuni usiandike. Lako pia si lazima.